Yaliyopita Si Ndwele? Majibu kwa Wanaopinga Utafiti wa Kiwewe

Mwanafunzi wa uzamivu katika saikolojia tiba akisema tasnifu yake itahusu kiwewe na wasiwasi, hakosi wa kumpinga. Nyumbani mjomba atamwambia yaliyopita si ndwele. Kwenye kamati ya maadili ya utafiti atakuwapo mjumbe wa kuuliza kama washiriki hawataumia kwa kukumbushwa waliyokwisha kuyasahau. Na kama amewahi kufanya kazi na shirika la misaada, bosi wake wa zamani atampinga kwa upande wa pili kabisa: ya nini kupoteza miaka kupima jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba jamii nzima ina kiwewe? Nimekaa katika vikao vya aina hiyo vya kutosha kuzitambua hoja hizi kabla msemaji hajazimaliza. Baadhi zina haki ndani yake, na baadhi ni uvivu uliovishwa hekima.

Nzito kuliko zote ni ile ya mjumbe wa kamati: kumuuliza mtu habari za kubakwa, za vita au za ajali ni kumtonesha kidonda.

Anayesema hivyo anadhani mtu asiyeulizwa hakumbuki. Aliyewahi kulala chumba kimoja na mwenye kiwewe anajua sivyo. Kumbukumbu haingoji swali. Inakuja usiku kwa ndoto, inakuja mchana mlango ukibamizwa, inakuja na harufu ya mpira unaoungua. Anachofanya mwenye tatizo ni kuikimbia. Aliyenusurika kwenye ajali ya basi anaacha kupanda basi, baadaye anaacha kusafiri, mwishowe hata barabara kuu haikaribii. Kila akikwepa anapata nafuu ya saa chache, na nafuu hiyo ndiyo inayoulea woga, kwa kuwa hapati nafasi ya kuona kwamba basi la leo limefika salama. Hapo ndipo kiwewe na wasiwasi vinapokutana, na hapo ndipo watafiti wengi wa uzamivu wanapochimba.

Edna Foa, mwanasaikolojia mzaliwa wa Haifa aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, alijenga tiba nzima juu ya jambo hilo. Mgonjwa anasimulia tukio lake mara nyingi, kwa utaratibu, mbele ya mtu aliyefunzwa. Kati ya kikao na kikao anarudi kidogo kidogo mahali alipokuwa anapakwepa. Woga unapanda, unakaa, kisha unashuka wenyewe bila yeye kukimbia. Siku nyingine unapanda kwa kiasi kidogo zaidi.

Utasema hiyo ni Pennsylvania. Basi twende Uganda. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa nchi, wakimbizi 43 kutoka Sudan waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa elimu tu kuhusu msongo unaofuata kiwewe, la pili likaongezewa unasihi wa kawaida wa kutiwa moyo, la tatu likapata tiba ya masimulizi iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Katika tiba hiyo kamba hulazwa chini kuwa maisha ya mtu tangu kuzaliwa, maua huwekwa penye mambo mema na mawe penye mabaya. Kisha kila jiwe linasimuliwa kwa zamu: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, uliwaza nini wakati ule, na sasa hivi hapa ulipokaa unahisi nini. Mnasihi anaandika, na kikao kinachofuata anamsomea mwenyewe alichosimulia ili arekebishe. Mwaka mmoja baadaye, waliokuwa bado na ugonjwa katika kundi la masimulizi walikuwa asilimia 29. Katika kundi la kutiwa moyo walikuwa 79, na katika lile la elimu pekee 80. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004.

Watu 43 ni wachache, najua. Ndiyo maana miaka minne baadaye ikachapishwa kazi kubwa zaidi kutoka Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, yenye wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Safari hii waliotoa tiba hawakuwa wataalamu kutoka Ulaya. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo palepale kambini. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi la waliofuatiliwa tu hali zao, walikuwa 37. Nitaje na namba ambayo mashabiki wa tiba ya masimulizi huipitia haraka: kundi lililopata unasihi mwingine wa kiwewe, usiofuata mpangilio wa kamba na mawe, lilifika 65. Tofauti kati ya 65 na 70 si ya kujengea dini. Kinachothibitika ni kwamba waliokaa na mtu aliyefunzwa wakayazungumza yaliyowapata walipona wengi kuliko walioachwa na ukimya wao.

Hata hivyo mjumbe wetu wa kamati hajakosea kabisa, na mwanafunzi anayemcheka hastahili kibali. Kuna namna ya kuuliza inayodhuru. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi, bomu likilipuka au basi likipinduka, kuwakusanya manusura siku zile zile na kuwataka waeleze kila kitu katika kikao kimoja, halafu basi. Richard Mayou na wenzake wa Oxford waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani waliopewa kikao cha namna hiyo. Miaka mitatu baadaye, wale waliokuwa na dalili kali tangu mwanzo na wakapewa kikao walikuwa bado wanateseka, ilhali wenzao wenye dalili kali vilevile ambao hawakupewa walikuwa wamepata ahueni. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba vikao hivyo visitumike kwa watu waliopatwa na tukio la kutisha karibuni. Kinachofaa siku za mwanzo ni vitu vya kawaida sana: usalama, maji, blanketi, kumkutanisha mtu na nduguze, kumsikiliza anayetaka kusema na kumwacha asiyetaka.

Kwa hiyo swali la maadili linapaswa kuwa hivi: anaulizwa nani, lini, na nani, na nini kinafuata? Dodoso la mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida halimwombi mtu asimulie. Linamuuliza kama wiki iliyopita alipata ndoto mbaya, kama aliepuka mahali fulani, kama moyo ulimwenda mbio bila sababu. Tafiti zilizochunguza wanavyojisikia washiriki baada ya maswali kama hayo zinaonyesha kwamba baadhi huhuzunika kwa muda, na walio wengi sana hawajutii kushiriki. Wale wachache wanaotikisika lazima wawe wameandaliwa mtu wa kuwapokea siku hiyo hiyo. Pendekezo la utafiti lisilosema mtu huyo ni nani na anapatikana wapi lirudishwe.

Hoja ya pili huja na sauti ya fahari: haya ni magonjwa ya Wazungu, sisi tuna undugu na tuna imani.

Hoja hii inayo sura ya kisomi, na nitaijibu hiyo kwanza kwa sababu ya mtaani inaiazima bila kujua. Derek Summerfield, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika mwaka 1999 kwamba miradi ya kiwewe katika nchi zenye vita inageuza mateso ya kijamii kuwa ugonjwa wa mtu binafsi, na kwamba watu waliopoteza mashamba na ndugu wanahitaji mashamba, haki na shule kuliko mnasihi. Sehemu kubwa ya maneno yake ni kweli. Mjane aliyeporwa shamba hapungukiwi na saikolojia, amepungukiwa na shamba. Ila Summerfield anakwenda mbali mno anapotufanya tuamini kwamba tukichagua kimoja tumekikataa kingine. Mwanamke asiyeweza kwenda kisimani kwa sababu njia ya kisimani ndiko alikokamatwa, hata akirudishiwa shamba, atalilimaje?

Swali hilo liliulizwa kwa vitendo mashariki mwa Kongo. Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walifanya kazi na manusura 405 wa ukatili wa kingono katika vijiji 15 vya Kivu, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotumika. Katika vijiji saba wanawake walipata tiba ya kuchambua fikra zinazobaki baada ya tukio: ni kosa langu, nimechafuka, hakuna wa kuaminika. Walikutana mara moja mmoja mmoja na mara kumi na moja kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi Wakongomani. Vijiji vingine vinane vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Watafiti hawakupima dalili peke yake. Walipima pia kama mtu anaweza kazi za maisha yake, zile ambazo wanawake wa huko wenyewe walizitaja kuwa muhimu. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa na dalili zinazoashiria sonona au wasiwasi uliozidi walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya tiba na 42 katika vile vingine. Ripoti ilitoka mwaka 2013, vita vikiwa bado vinaendelea. Amani haikungojwa ndipo watu wapone.

Undugu, nao, mtafiti haupuuzi. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, daktari wa akili Frank Njenga na wenzake walikusanya hojaji za Wakenya 2,883. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili nyingi zaidi ni kutomweleza rafiki yaliyokusibu. Hii ndiyo hoja ya undugu ikiwa imepimwa. Lakini ikipimwa inaonyesha pia upande ambao wasifiaji wake hawautaji: kuna watu ambao undugu uliwafungia mlango. Manusura wengi wa Kivu walikataliwa na waume zao na kunyooshewa vidole na majirani. Ukimwambia mwanamke kama huyo akatulizwe na jamii, unamrudisha kwa walewale waliomfukuza. Kuhusu imani sina ugomvi. Sijakutana na tiba hata moja kati ya hizi inayomkataza mtu kusali, na katika vikundi vingi wanaanza kwa dua.

Sasa yule bosi wa shirika la misaada, anayesema jamii nzima ina kiwewe. Huyu ananikera kuliko mjomba, kwa sababu mjomba haombi fedha kwa kauli yake.

Shirika la Afya Duniani lilipowahoji zaidi ya watu 70,000 katika nchi 24, takribani asilimia 70 walikuwa wamewahi kupatwa na tukio la kutisha maishani. Kati yao, waliowahi kuugua msongo unaofuata kiwewe walikuwa asilimia 5.6. Ndiyo, kubakwa ni hatari kuliko ajali, na vita virefu ni hatari kuliko mafuriko ya siku moja, kwa hiyo kiwango kinapanda sana mahali fulani na kushuka kwingine. Lakini walio wengi huhuzunika, hukosa usingizi majuma kadhaa, kisha hurudi kazini. George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia amefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba ustahimilivu ndio njia ya kawaida ya binadamu, wala si muujiza wa wachache.

Utafiti wa Njenga wenyewe umetumiwa vibaya katika hili. Asilimia 35 ya waliojaza hojaji walikuwa na dalili zinazokaribiana na ugonjwa. Namba hiyo huwekwa kwenye maombi ya fedha kana kwamba kila Mkenya wa tatu aligunduliwa kuwa mgonjwa. Hojaji zilijazwa miezi michache tu baada ya mlipuko, wahusika wakijijazia wenyewe, na hawakuteuliwa kuwakilisha jiji zima. Waandishi walijua hivyo. Wanaowanukuu hawajishughulishi. Ndiyo sababu mwanafunzi anahitaji miaka yake ya kupima: kumjua yule atakayepona mwenyewe na yule ambaye miaka miwili baadaye bado hawezi kusikia fataki za harusi.

Hoja nyingine ndogo husikika vyuoni, kwamba kiwewe na wasiwasi ni kitu kimoja na mwanafunzi anajirudia. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipouingiza rasmi ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe katika mwongozo wake mwaka 1980, kiliuweka kweli kati ya magonjwa ya wasiwasi. Mwaka 2013 kiliuhamishia sura yake wenyewe, kwa sababu wagonjwa wengi hawakuwa na woga peke yake: walikuwa na aibu, hasira, hatia, au ganzi ya moyo. Watu wawili walionusurika ajali moja, mmoja akawa hawezi kupanda gari na mwingine akawa hawezi kujisamehe kwamba alinusurika, wanahitaji kusaidiwa kwa njia mbili. Kuzitenganisha njia hizo kunatosha kabisa kuwa tasnifu.

Na ile ya dukani, kwamba kidonge cha usingizi kinatosha. Diazepam humlaza mtu, haimwondolei kumbukumbu wala haimfundishi kwamba hatari imepita, na mwili huizoea haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema dawa za jamii hiyo wasipewe watu wazima wala watoto ili kutuliza dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio. Aliyekwisha kuizoea asiikatishe ghafla, amwone daktari.

Hoja inayonipa kazi ni ya vitendo. Wanasema: hata ukiwatambua wagonjwa, atawatibu nani? Madaktari wa akili ni wa kuhesabika, na wanasaikolojia tiba wamejazana mijini.

Uchache wao ni kweli. Lisilo kweli ni kwamba tiba hizi zinawangoja wao. Jibu lililo karibu nasi zaidi lilipatikana Moshi na Bungoma. Yatima 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata huduma za kawaida wanazopewa yatima. Nusu walipata tiba ya vikundi, walezi wao wakiwa na vikundi vyao pembeni, pamoja na vikao vichache vya peke yao ambamo mtoto alisimulia kifo cha mzazi wake. Wanasihi walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, wasio na shahada za afya ya akili, wakifunzwa na kusimamiwa kila wiki. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha tiba ikishinda huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne: Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini. Moshi vijijini haikushinda. Nairobi nako, wahudumu wa afya ya jamii walifunzwa kuongoza vikao vitano na wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo kwa wanawake 421 yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha msongo wao ukipungua kuliko wa wenzao waliopata huduma za kawaida.

Mwanafunzi mmoja hawezi kufanya utafiti wa watoto 640. Lakini tafiti za ukubwa huo husimama juu ya kazi ndogo zilizotangulia: nani alihakikisha kwamba dodoso linalouliza woga halipimi njaa? Nani aligundua kwamba mtoto wa miaka saba haelewi kipimo cha sifuri hadi nne mpaka umwonyeshe glasi tupu na glasi iliyojaa? Hizo ndizo tasnifu zinazodhaniwa kuwa za kabatini.

Wapingaji wangeweza kuibana hoja yangu mahali pengine, na nashangaa hawafanyi hivyo. Wangeuliza kuhusu sheria. Baadhi ya madodoso huuliza kama mtu amewahi kujaribu kujiua, na Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Maana yake miaka yote hiyo mshiriki aliyejibu kweli alikuwa anakiri kosa kwenye karatasi ya mtafiti. Ni kamati ngapi zilimwambia mwanafunzi aeleze hilo katika fomu ya ridhaa?

Wangeuliza pia kuhusu muda. Kule Moshi na Bungoma, watoto walipopimwa tena mwaka mmoja baada ya tiba, ushindi wa maeneo matatu haukubaki wote. Pengine waliopata huduma za kawaida nao walizidi kupona wenyewe, pengine faida ilipungua pale maisha yalipobaki magumu. Na mnasihi wa kijijini anayesimamiwa kila wiki anasimamiwa kwa fedha za mradi. Mradi ukifungwa, msimamizi anaondoka, mnasihi anabaki na orodha ya watoto wanaomjua kwa jina na wanaomfuata sokoni. Mwanafunzi anayeanza leo angefanya vyema kuacha kuuliza kama tiba inafanya kazi, aende akawatafute wanasihi hao miaka kadhaa baada ya mradi na kuwauliza ni wangapi bado wanaifanya, wanalipwa na nani, na wao wenyewe wanalalaje usiku baada ya kusikia yote hayo.